Pima kasi ya intaneti kwa waya kwanza
Nimelijua hili wiki hii hapa Moshi, ruta ikiwa sebuleni nami chumbani. Kabla hujampigia mtoa huduma, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, waombe wa nyumbani wasimamishe video, ndipo upime. Rudia saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa hewani. Wi-Fi hupungua nguvu ikipita kwenye kuta za tofali, kwa hiyo kipimo cha chumbani hakikuonyeshi laini unayolipia. Na kumbuka kasi huuzwa kwa megabiti, ilhali kompyuta ikipakua faili mara nyingi huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane: megabiti 40 ni megabaiti 5 tu kwa sekunde. Hapo wengi hudhani wamepunjwa. Tundu la waya kwenye ruta au kompyuta likiwa la zamani, kipimo kitagota karibu na megabiti 100 hata kama umelipia 200.