Somo: Picha ya king'amuzi cha antena inaganda karibu na mnara wa 4G? Anza na busta

Wakuu, hili ni la wanaotumia antena ya kawaida, siyo dishi. Dalili: chaneli zilikuwa safi, mnara wa jirani ukawashwa 4G, picha ikaanza kuganda na kupasuka vipande vipande. Ukifungua menyu, nguvu ya mawimbi iko juu ila ubora unapanda na kushuka.

Chanzo chake ni masafa. Televisheni ya UHF ilikuwa na 470 hadi 862 MHz. Sehemu ya juu ikahamishiwa kwenye simu, kwanza kuanzia 790, baadaye kuanzia 694. Kwenye 4G ya 800 MHz mnara unarusha 791–821 na simu inajibu kwenye 832–862. Antena na busta nyingi (busta ni kifaa cha kukuza mawimbi ya antena) bado zinapokea hadi 862, kwa hiyo zinazoa pia mawimbi ya mnara. Mnara uko mita mia, kituo cha TV kiko kilomita kadhaa: busta inaelemewa na kuzalisha uchafu kwenye masafa yote. Ndiyo maana hata chaneli iliyo mbali na 790 inapotea, na ukinunua busta kubwa zaidi unaongeza tatizo.

Hatua ya 1: Zima kila kitu, toa busta ya mlingotini pamoja na adapta yake ya ndani, unganisha kebo ya antena moja kwa moja kwenye king'amuzi. Ubora ukitulia, hata kama nguvu imeshuka, mchawi umempata. Kama chaneli zote zinaonekana, ishia hapo, usinunue chochote.

Hatua ya 2: Bila busta mawimbi hayatoshi? Tafuta filta ya LTE (kichujio cha kuzuia mawimbi ya 4G) ya ohm 75. Kwanza angalia chaneli zenu ziko masafa gani. Menyu ikionyesha namba tu, zidisha kwa 8 ujumlishe 306. Namba 40 ni 626 MHz. Zote zikiwa chini ya 694, chukua filta ya 470–694. Ikiwepo ya juu ya hapo, chukua ya 470–790.

Hatua ya 3: Filta inakaa kati ya antena na busta. Ukiichomeka nyuma ya king'amuzi umechelewa, maana uchafu uliozaliwa ndani ya busta uko kwenye masafa yale yale ya TV na filta inaupitisha.

Hatua ya 4: Kagua kebo (RG6) na konekta. Uzi mmoja wa wavu wa nje wa kebo ukigusa waya wa katikati, yote ya juu ni kazi bure. Kisha geuza antena kidogo kidogo mnara ubaki ubavuni, macho kwenye ubora, siyo nguvu.

MASWALI

Swali: Mkuu, antena yangu busta iko ndani yake, filta naweka wapi?
Jibu: Kabla ya busta hakuna nafasi. Ukiiweka chini inakinga king'amuzi tu, tena lazima iwe inayopitisha umeme wa 5V, la sivyo antena inazimika. Bora ubadilishe antena, uweke isiyo na busta.

Swali: Filta ipo mahali pake lakini chaneli namba 60 bado inasumbua.
Jibu: Namba 60 inaishia 790, mnara unaanza 791. Filta ya kawaida haiwezi kukata ndani ya 1 MHz. Hapo tegemea kugeuza antena, au tafuta kituo kingine kinachorusha chaneli hizo kwa namba ya chini.

Swali: Mimi natumia dishi la Ku, chaneli chache tu zinakatika. Ni hayo hayo?
Jibu: Mlango ni mwingine. Kebo ya dishi inabeba 950–2150 MHz, na minara ya 1800 inarusha 1805–1880. Kwa LNB (kichwa cha dishi) ya 10600, jumlisha hayo masafa na 10600: zinazoumia ni chaneli za 12405–12480. Filta ya LTE ya UHF usiiweke hapo, itakata mawimbi ya LNB yenyewe. Badilisha kebo, weka yenye foili na wavu mzito, na konekta za kubana badala ya za kuzungusha kwa mkono.