Kutoa AcrB kwenye utando bila sabuni: hatua za visahani vya SMA

Ukiitoa protini ya utando kwa sabuni, unaivua lipidi (mafuta ya utando) zake, na nyingi hulegea papo hapo. SMA, polima ya staireni na asidi ya maleiki, hukata kipande cha utando pamoja na protini iliyomo, kisha hukizunguka kama pindo la kanga. Unapata kisahani chenye kipenyo cha nanomita 10 hivi. Nitatumia AcrB, pampu ya E. coli inayotapika antibiotiki nje ya seli.

Hatua ya 1. Nunua SMA iliyokwisha kugeuzwa asidi (staireni 2 kwa maleiki 1). Ile ambayo bado ni anihidridi huchemshwa saa kadhaa kwenye sodiamu hidroksaidi, ikagandishwa kwa asidi, ikaoshwa, ikayeyushwa tena na kukaushwa. Kazi nyingi, faida ndogo.

Hatua ya 2. Pasua seli, zungusha kwenye sentrifuji kwa 100,000 g, upime mashapo ya utando yakiwa mabichi. Weka miligramu 30 kwa kila mililita ya bafa (myeyusho unaotunza pH): Tris milimola 20, chumvi milimola 150, pH 8. Tia SMA ifike 2.5%, uache saa moja au mbili kwenye joto la chumba. Mchanganyiko ulio kama maziwa ukianza kuwa mwangavu, polima inafanya kazi.

Usipokuwa mwangavu, kabla ya kuongeza polima kagua bafa. pH ikishuka chini ya 6.5, SMA hujikunja na kuganda. Magnesi au kalisi ikizidi milimola chache, nayo huganda. Kwa hiyo ukihitaji ATP (molekuli ya nishati ya seli) na magnesi yake nyingi, SMA si chaguo lako. Jaribu DIBMA, polima nyingine inayostahimili zaidi.

Hatua ya 3. Zungusha tena kwa 100,000 g, dakika 45. Chukua maji ya juu, yenye visahani.

Hatua ya 4. Changanya na resini ya nikeli, usiku kucha kwenye nyuzi 4. Subira ni lazima, maana SMA iliyobaki huru huzuia mkia wa histidini (uliounganishwa na protini ili ishike nikeli) usishike vizuri. (AcrB hushika nikeli hata bila mkia, waliotafuta protini nyingine wanaijua kwa kero hiyo.) Osha kwa imidazoli milimola 20, toa kwa 250. Bafa za kuoshea hazihitaji polima wala sabuni, na hapo ndipo gharama inapopungua.

Hatua ya 5. Usiamini kipimo cha nanomita 280: staireni nayo hufyonza mwanga wa urujuanimno, hivyo utaona protini nyingi kuliko iliyopo. Pitisha sampuli kwenye jeli, ulinganishe na protini ya kiasi kinachojulikana. Halafu ichuje kwa safu inayotenganisha molekuli kwa ukubwa, uondoe SMA huru, ndipo uipeleke kwenye hadubini ya elektroni.