Namna ya kulisaka tangazo la ndege la utotoni, na kulitoa kwenye kanda kabla ukungu haujalimaliza

Kuna tangazo moja la ndege likinijia kichwani huwa naacha nifanyalo. Watu chungu nzima wamevaa nguo za rangi, wanakuja makundi makundi, wewe huelewi wanaenda wapi, kisha kamera inapanda juu angani ndo wajua kumbe hawa ni mdomo, wale ni jicho, wale kule sikio, uso mzima wa binadamu umelazwa chini, halafu ghafla lile jicho linakonyeza. Na nyuma yake sauti mbili za kike zinafuatana kupanda na kushuka. Mie mtoto wa Majengo, Mombasa, nimekaa kwenye mkeka na chai yangu, nikaona hii sasa ni uchawi.

Sisi tulilipata kwa kanda ya video. Ami yangu alikuwa Uingereza, alikuwa akirekodi vipindi vya tivii ya huko, anajaza kanda ya masaa matatu anampa yeyote anayekuja Mombasa, na matangazo yamo humo humo katikati manake ami hakuwa mtu wa kukaa na rimoti akiyaruka. Alhamdulillahi hakuwa. Vile vipindi vyenyewe sikumbuki hata kimoja.

Basi kama nawe una tangazo lako linalokusumbua, la ndege au la sabuni, nitakwambia nilivyofanya.

Kosa nililoanza nalo ni kutafuta kwa jina la kampuni. Ukiandika jina la shirika la ndege kwenye YouTube utaletewa bei za tiketi na watu wanaopiga video chakula cha ndani ya ndege, utachoka. Anza na wimbo. Google kwenye simu ina mahali unabonyeza maikrofoni, unaiuliza huu wimbo gani, kisha unauvumisha kwa mdomo kama sekunde kumi hadi kumi na tano, hata bila maneno, yaani mmm mmm tu, inakuletea majina. Fungia mlango maana watoto watakucheka. Mie nilivumisha mara tatu, ya tatu ikakubali: ni wimbo wa wanawake wawili kutoka opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, iitwayo Lakmé, ya Mfaransa Léo Delibes, ilionyeshwa mara ya kwanza Paris 1883. Nilivyopata jina la wimbo nikaliweka pamoja na neno airline na neno advert, tangazo likatoka juu kabisa. Na hapo sikiza vizuri: kama tangazo ni la Uingereza andika advert, ukiandika commercial utaletewa ya Wamarekani. Hiki kitu kidogo kilinipotezea wiki.

Kumbe ni la British Airways, la 1989, limetengenezwa na kampuni ya matangazo ya Saatchi & Saatchi, mwongozaji ni Hugh Hudson, na zile sehemu walizipiga Utah, Marekani. Wimbo wameufanyia upya wanamuziki Malcolm McLaren na Yanni, ndo maana una ule mdundo chini ambao kwenye opera haupo. Lakini kilichonimaliza mimi ni maneno ya ule wimbo wa asili. Miaka yote nilijua ni maombi ya kanisani. Kumbe ni binti na mjakazi wake wanakwenda mtoni kuchuma maua, na wanaanza kwa kutaja kivuli cha asumini nyeupe. Asumini! Nikamwambia mamangu, akasema si nilikwambia huo wimbo unanukia. Hajawahi kuniambia, lakini nimemwachia.

Kama hukumbuki wimbo, tumia mkia wa ndege. Mashirika hubadilisha rangi, na rangi ndo itakupa mwaka wako. British Airways kwa mfano 1997 walianza kuchora mikia michoro ya sanaa kutoka nchi mbalimbali, Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, alichukia mpaka akafunika mkia wa ndege ya mfano kwa kitambaa chake mbele ya kamera, kwa hivyo ukiona mkia wa michoro jua tangazo si la kabla ya hapo. Hata kwetu, ukikumbuka ndege imeandikwa Kenya Airways basi ni 1977 kuja huku, kabla yake ilikuwa East African Airways ya nchi tatu.

Sasa wengi wakishaliona YouTube wanamaliza hapo. Sawa. Lakini ile ya YouTube si yangu, ni safi mno, imekatwa mwanzo na mwisho. Nikaitaka ya kanda ya ami, na hapa ndo kazi.

Kanda za Mombasa zina adui mmoja, ukungu. Joto na unyevu wa huku haubembelezi. Kabla hujaitia kanda popote ishike mwangani uchungulie kwenye kile kidirisha, utaona mkanda umejiviringa mweusi unang'aa. Ukiona vumbi jeupe kando kando, kama unga wa muhogo umemwagika, acha hapo hapo. Usiitie kwenye deki! Mimi nilipeleka kanda yangu ya kwanza kwa fundi mmoja mjini, sitamtaja, akaichukua bila kuitazama akaisukuma ndani, deki ikaila, ikatoka na mkanda umekunjamana kama utumbo, na ule ukungu ukabaki kwenye vichwa vya deki, vile vinavyosoma mkanda, ukaambukiza kanda ya mtu mwingine. Ile yangu ilikuwa ya harusi ya shangazi. Mpaka leo hatuizungumzi.

Ya ukungu ikaushe kwanza. Vile vipakiti vidogo vya kwenye maboksi ya viatu vilivyoandikwa usile, vikusanye vingi, vitie na kanda kwenye debe lenye kifuniko kinachobana, wiki mbili. Usianike juani, plastiki itapinda. Kisha ifungue, chini kuna skrubu tano, pangusa ule weupe kwa kitambaa kikavu laini, ukiwa nje barazani na umejifunga pua maana ule si wa kuvuta. Kama mkono wako unatetemeka mpe fundi mwenye subira, ila kaa naye. Na kabla ya lolote, kwenye mgongo wa kanda kuna kijino cha plastiki, kivunje, kikishatoka deki haiwezi kurekodi juu yake. Laiti tungejua 1990.

Deki utaipata wapi? Mpya usitafute, kampuni ya mwisho, ya Kijapani, iliacha kuzitengeneza 2016. Uliza jamaa kwanza, kila nyumba ina moja juu ya kabati imefunikwa kitambaa cha kufuma, la sivyo zunguka kwa mafundi wa redio Mwembe Tayari. Nenda na kanda usiyoijali, ndo ya kujaribia. Picha ikiwa na theluji, yaani vidoadoa vyeupe, vichwa vichafu, visafishwe na spiriti ile kali ya asilimia 90 kupanda. Kanda ikitoka Uingereza itacheza sawa kwa sababu kanda zao na deki zetu zote ni za mfumo mmoja wa picha, PAL. Ikitoka Marekani ni mfumo mwingine, NTSC, itaruka ruka au itoke haina rangi, ukadhani imeharibika na haijaharibika.

Kutoka kwenye deki kwenda laptopu wanauza kidude cha USB chenye matundu matatu: manjano ni picha, nyeupe na nyekundu sauti. Deki nyingi za zamani zina nyeupe peke yake, usihangaike. Programu ya kurekodi tumia OBS, ya bure. Chagua PAL, 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Ukiona vitu vikitembea vinatoka mistari kama meno ya kitana, bonyeza picha kitufe cha kulia, tafuta deinterlacing, weka Yadif. Na umbo liache 4 kwa 3, mie nililivuta lijaze kioo, ule uso ukawa mpana kama andazi limekaliwa. Kanda ya masaa matatu ni masaa matatu, hakuna njia ya mkato, kwa hivyo omba stima isipotee na usiseme bismillahi saa kumi na mbili jioni watu wakitaka kutazama habari.

Yangu ilitoka. Kuna utabiri wa hali ya hewa ya Uingereza, mvua, mvua, kisha tangazo likaanza, makundi yakaja, mdomo ukakusanyika, sikio, jicho likajaa, na kabla halijakonyeza pap! uwanja wa kijani, Kameruni na Argentina, Kombe la Dunia 1990. Kakangu alirekodi juu. Nilimtumia kwa WhatsApp akajibu, ile mechi tulishinda.

Nilipomaliza nilinakili mara mbili, moja flashi moja kwingine, na kanda yenyewe sikuitupa. Nimeirudisha nyuma mpaka mwanzo, nimeisimamisha wima kama kitabu, mbali na spika. Kwenye lebo kuna mwandiko wa ami kwa kalamu ya bluu, MSIFUTE, na chini yake kwa biki nyekundu mwandiko wa kakangu: mpira.