Somo: Kuandaa Video za Kamkoda kwa Ajili ya Programu ya Kuhariri

Programu ya kuhariri inapokataa faili ya kamkoda, au inapoonyesha picha isiyo na sauti, mara nyingi video yenyewe ni nzima kabisa. Kamkoda nyingi zinazorekodi kwenye kadi hutumia mfumo wa AVCHD, uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, ambao hugandamiza picha kwa kodeki (njia ya kugandamiza na kufungua data) ya H.264, huhifadhi sauti kwa kawaida katika kodeki ya Dolby AC-3, kisha hufunga vyote viwili ndani ya faili ya MTS. MTS ni kontena tu, yaani kifungashio cha picha na sauti, na programu inaweza kulifungua bila kuielewa kodeki iliyomo.

Hatua ya kwanza: nakili kadi nzima

Hapa ndipo ninapowasihi wanachama wawe waangalifu zaidi. Wengi huingia hadi kwenye folda ya STREAM, huchukua faili za MTS peke yake, kisha huifuta kadi. Kadi iliyofomatiwa kwa FAT32 haiwezi kubeba faili inayozidi GB 4, kwa hiyo kamkoda hukata rekodi ndefu kuwa vipande, na maelezo ya namna vipande hivyo vinavyofuatana huandikwa katika faili nyingine zilizo nje ya STREAM. Nakili folda zote kama zilivyo, bila kubadilisha jina lolote, na usiifute kadi kabla hujaifungua nakala na kuitazama.

Hatua ya pili: kagua kilichomo

Fungua faili moja kwa MediaInfo, programu ya bure, uandike kodeki ya picha, kodeki ya sauti, idadi ya fremu kwa sekunde, na kama picha ni kamili (progressive) au ya mistari inayopishana (interlaced). Mradi wako uufungue kwa vipimo hivyohivyo.

Hatua ya tatu: badilisha kinachohitaji kubadilishwa tu

Ikiwa tatizo ni sauti peke yake, FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri, itahamisha picha bila kuigusa na kuigeuza sauti kuwa PCM, yaani sauti isiyogandamizwa:

ffmpeg -i 00000.MTS -c:v copy -c:a pcm_s16le 00000.mov

Ikiwa picha inakwamakwama unapohariri, sababu ni kwamba H.264 huhifadhi fremu chache tu kwa ukamilifu, na nyingine huhifadhiwa kama tofauti kati yake na jirani zake, hivyo kompyuta hulazimika kukokotoa fremu kadhaa ili kukuonyesha moja. Katika hali hiyo, geuza video kuwa ProRes au DNxHR, kodeki za kuhariria ambazo kila fremu yake hujitegemea. Gharama yake ni nafasi: ProRes 422 ya 1080 kwa fremu 25 hutumia takribani megabiti 122 kwa sekunde, yaani karibu GB 55 kwa saa.

Maswali ya wanachama

Swali: Kitu kikisogea, kingo zake hutoka meno kama ya kitana. Je, kamkoda imeharibika?
Jibu: Haijaharibika. Hiyo ni picha ya mistari inayopishana, ambapo nusu mbili za kila fremu hunaswa kwa nyakati tofauti. Unapogeuza kwa FFmpeg, ongeza -vf yadif ili kuyaondoa meno hayo. Ukipenda kuiachia programu ya kuhariri kazi hiyo, usiifanye mara mbili.

Swali: Ninatumia programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, toleo la bure, kwenye Linux, nami sioni picha kabisa.
Jibu: Toleo hilo la bure kwenye Linux halisomi H.264. Geuza kwanza kuwa DNxHR, na sauti iwe PCM.

Swali: Nina kanda za MiniDV (kanda ndogo za video za kidijitali). Mbona waya wa USB hauleti video?
Jibu: Katika kamkoda nyingi za kanda, USB iliwekwa kwa ajili ya picha mnato. Tumia FireWire, aina nyingine ya waya na tundu la kuhamishia data, ukizingatia kwamba kanda ya saa moja huchukua saa moja kuhamishwa na hujaza takribani GB 13.