Shamba la miti limeungua: ukate nini, uache nini, uanze wapi

Wakuu, salaam. Kila kiangazi kikielekea mwisho, kutoka Mufindi, Njombe, Makete na Kilolo swali ni lile lile: "Moto umepita shambani, niite watu wa chenso (msumeno wa mnyororo)?" Naandika hapa kwa kirefu. Nikiulizwa tena nitakuelekeza huku.

1. Subiri moshi uishe. Visiki na mizizi huungua chini kwa chini kwa siku nyingi. Unakanyaga majivu, mguu unazama kwenye makaa.

2. Piga picha, mwite mtendaji wa kijiji na majirani wa mpakani. Alama za mpaka zikiungua, ugomvi huja mbao zikiwa zimeshauzwa.

3. Pima uhai kwa panga. Mti mweusi si lazima uwe umekufa. Chonga ganda kidogo usawa wa kifua: ndani kukiwa kweupe na kuna unyevu, uko hai, kukiwa kahawia na kukavu, umekufa hapo. Rudia pande nne. Uliokufa upande mmoja unaweza kupona, uliokufa kuzunguka shina lote hauponi. Tia rangi ya kukatwa kwenye hiyo tu.

4. Paina iliyokufa itangulie. Ukungu wa bluu huingia ndani ya wiki chache kukiwa na joto. Haupunguzi sana nguvu ya mbao, ila unashusha bei. Na mnunuzi akija kesho yake akikwambia miti iliyoungua haina thamani, kata gogo moja umwonyeshe ndani. Wengi wameuza mbao nzima kwa bei ya kuni kwa sababu ya simanzi. Menya ganda kabla ya kupeleka kwenye dingdong (mashine ndogo ya kupasua mbao), mkaa unaua meno ya msumeno.

5. Mlingoti (mkaratusi) usiung'oe. Ukate chini, kama sentimita 10 kutoka ardhini, mkato wa mshazari ili maji yateleze. Utachipua, baadaye bakiza chipukizi 1 au 2 zenye nguvu.

6. Kuangusha. Hapa ndipo watu wanapokufa, soma polepole. Moto unaweza kuwa umekula shina upande mmoja na mizizi imebaki majivu, kwa hiyo mti ukaanguka usikotarajia, au ukaanguka wenyewe bila kuguswa. Zunguka kila mti. Gonga shina kwa kisogo cha shoka; likilia kama lina uwazi ndani, mwachie mzoefu. Tazama juu, maana tawi kavu lililonasa hushuka kwa mtikisiko wa mashine. Safisha njia ya kukimbilia, nyuma kwa mshazari. Kata mdomo, yaani pengo la kabari, upande wa kuangukia, kisha mkato wa nyuma, na katikati acha ukanda usiokatwa, karibu sehemu ya 10 ya unene wa shina. Ukanda huo ndio unaouongoza mti. Ukiumaliza, huna tena usemi. Wengine wote wakae mbali mara 2 ya urefu wa mti. Siku ya upepo hakuna kazi. Mti ukinasa kwenye mwenzake, usipite chini yake wala usikate ule ulioubeba: vuta kitako chake kwa kamba ndefu.

7. Matawi yatandaze kukatisha mteremko, yazuie udongo usiondoke na mvua.

8. Hati ya kusafirishia kutoka TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ipatikane kabla ya kupakia gari.

MASWALI

Swali: Mkuu, kwa hiyo nikate yote au?
Jibu: Hatua ya 3.

Swali: Paina yangu ina miaka 4, yote nyeusi. Si nichome tena shamba liwe safi, nipande Desemba?
Jibu: Hapana. Udongo umeshavuliwa nguo. Ukichoma tena, mvua ya kwanza inaondoka nao. Iliyokufa ilaze kukatisha mteremko. Hatua ya 7 ipo kwa sababu hiyo.

Swali: Kwa nini mlingoti unachipua na paina haichipui?
Jibu: Umeuliza vizuri, dada. Mlingoti una machipukizi yaliyolala chini ya ganda. Juu kukifa, yanaamka. Paina yetu, Pinus patula, inategemea mbegu. Koni zake nyingi (vile vifuko vigumu vya mbegu) hukaa zimefunga, joto la moto huzifungua. Kwa hiyo kama miti yako ilishaanza kubeba koni, mvua zikinyesha kagua kwanza kabla ya kununua miche: huenda imejiotea. Ipunguze ibaki mita 3 kwa 3. Mbegu za miwati nazo huamshwa na moto, ing'oe ingali midogo kama huitaki.

Swali: Ni kweli miche hufa ikipandwa kwenye majivu?
Jibu: Afrika Kusini wanalijua tatizo hilo. Kuna kuvu, Rhizina undulata, joto la moto huuamsha na hula mizizi ya miche ya paina. Wao husubiri miezi kadhaa kabla ya kupanda. Ukiona uyoga wa kahawia uliojikunjakunja umetanda ardhini, panda maharage kwanza.

Swali: Oili chafu ya gari inafaa kwenye mnyororo wa chenso?
Jibu: Usiitumie. Ina vumbi la chuma, inakula reli (bapa la chuma linalobeba mnyororo), na inakurukia mwilini kutwa nzima, ngozi inadhurika. Na kwenye miti iliyoungua noa mnyororo mara nyingi zaidi. Ukiona unatoa unga badala ya vipande, simama unoe.