Kitunguu saumu cha porini: usiiamini pua peke yake

Mlioko Uingereza, kati ya Machi na Mei piteni kwenye misitu yenye kivuli na unyevu, hasa kando ya vijito. Ukisikia harufu ya kitunguu saumu kabla hujaona kitu, umefika. Ni majani mapana, laini, yametanda chini kama mkeka. Baadaye huchanua maua meupe mfano wa nyota, nayo yanalika.

Wengi hufundishwa: fikicha jani, likinuka saumu, chuma. Sawa, lakini baada ya majani matano vidole vyako vinanuka saumu hata ukifikicha gazeti! Ndipo sumu inapoingia kikapuni. Katikati ya majani hayohayo humea mmea wa sumu uitwao Arum maculatum, ambayo ikiwa changa inafanana nayo, na ukiitafuna inachoma mdomo na koo kama sindano. Inua jani kwenye mwanga: la arum lina mishipa iliyosukana kama wavu, la saumu mishipa yake inakwenda sambamba hadi nchani.

Kwa hiyo chuma jani mojamoja, si konzi kwa konzi. Usiing'oe saumu hiyo na mizizi. Sheria ya Uingereza ya 1981 ya kulinda mimea na wanyama wa porini (Wildlife and Countryside Act) inakataza hilo bila ruhusa ya mwenye ardhi. Na ya ukingoni mwa njia yaache, mbwa wameshapita.

Nyumbani mimi huyakatakata na kuyatia mwishoni kabisa, mayai yakikaribia kuiva. Yakikaa sana motoni, ladha yote inaruka.