Kumsemesha Mgeni wa Kijapani kwa Adabu

Anayepokea wageni wa Kijapani kwenye gati la Lamu na aanze kwa salamu ya wakati: ohayō gozaimasu asubuhi, konnichiwa mchana, konbanwa jioni. Neno la kushikilia zaidi ni sumimasen, kwani kwalo mtu humwita mwenziwe kwa upole, huomba njia katika vichochoro vyembamba, na hutaka radhi kwa kosa dogo. Shukrani ni arigatō gozaimasu. Arigatō pekee ibakie kwa marafiki. Jina la mgeni litie -san, alama ya heshima, mwishoni, lakini lako usilitie kamwe. Matamshi hayatusumbui sana sisi wenye irabu tano kama wao, ila irabu ndefu, kama ō, zivutwe, na u ya mwisho katika gozaimasu ififishwe.